Shimo Lililobaki Bwawani

Ngalula mwanangu,

Kama shangazi yako amefanya nilivyomwomba, treni imeshavuka Tenke na wewe umeanza kuuliza mbona tata, baba yako, haji mbele kukuona. Simo. Nilikudanganya niliposema nitapanda behewa la nyuma kulinda mizigo pamoja na wanaume wengine. Mizigo yetu analinda mume wa shangazi. Mimi nimebaki Kolwezi, na barua hii nilimwambia asikupe mapema, kwa sababu nakujua: ungeruka hata treni ikiwa inakwenda.

Najua umekasirika. Kasirika, lakini usiichane kabla ya kufika mwisho.

Naandika kipande kipande. Umekwenda kupanga foleni ya maji pale kwenye bomba la stesheni, na kila nikisikia sauti ya ndoo nageuza karatasi na kujifanya nahesabu vifurushi. Nimekaa juu ya mlango wetu wa sebuleni, ule tulioung'oa siku tulipotoka, na kila dakika naona nimekaa vibaya. Mambo ya blanketi, ya dawa, ya kutokunywa maji ya njiani, shangazi atakuchosha nayo hadi Mwene-Ditu. Mama yako na wadogo zako wamekutangulia huko, nao watakuwa na maagizo yao. Mimi nina jambo moja tu, nalo unalijua. Ni shimo.

Ulimwona Tata Kasongo, yule aliyepewa kiwanja chetu, alipokuja juzi. Aliingia katikati ya maturubai na watoto wanaolia, kofia mkononi, akitafuta uso wetu kati ya nyuso zote hizi. Watu wakavuta vifurushi vyao karibu. Mtu wa cité, mtaa wa wenyeji, anayekuja stesheni siku hizi, ama anakuja kununua vitanda vyetu kwa bei ya bure, ama anakuja kutuzomea. Yeye alisimama mbele yangu na hakuketi, maana sikumwambia aketi. Hilo nilikumbuka baadaye, usiku kucha likanisumbua. Mara ya pili katika maisha yangu sikumwambia mtu yule aketi.

"Tata Ngalula," akasema, "mi sikukuya kuomba pardon. Nilikuya kuuliza. Ile kishimo ya mu maji iko wapi?"

Nawe ukadakia kabla sijafungua mdomo: "Aende aulize samaki! Banatuita bilulu, badudu, leo banataka bilulu ibaonyeshe njia?"

Nilikwambia unyamaze, lakini si kwa nguvu. Moyoni nilifurahi. Nikuambie ukweli, nilifurahi kabisa.

Subiri, umerudi.

Umekwenda tena. Umesema maji ni machafu, utajaribu kwa masista. Nenda taratibu, mwanangu, nipe nafasi.

Wewe ulizaliwa bwawa likiwa tayari limejaa, kwa hiyo unafikiri liliumbwa na Mungu pamoja na Lualaba. Lilichimbwa na mimi. Miaka yote nilikuwa fundi wa pampu kwenye migodi ya kampuni, kazi yangu kutoa maji ya watu wengine ili wapate shaba yao. Nikatamani siku moja niwe na maji yangu mwenyewe, yakae pale nilipoyaweka. Babu yako aliletwa huku na kampuni kutoka Kasai akiwa kijana, akafia katika nyumba ya kampuni, na tulipomzika nyumba ikarudi kwa kampuni. Mimi nikasema sitakufa hivyo. Nikaenda kwa chifu wa udongo, nikaenda kwa watu wa serikali, nikapata kile kipande ng'ambo ya mto Musonoi, njia ya kwenda Nzilo, chenye kijito na miti ya mipundu. Nikaziba kijito kwa tuta la udongo, nikatia mlango wa chuma wa kufungulia maji, ule tuliouita vanne, nikanunua vifaranga vya samaki.

Shimo lilikuwepo kabla yangu. Watafuta shaba wa zamani walilichimba kupima udongo, wakaona hakuna kitu, wakaondoka zao. Lilikuwa na upana wa kitanda, na jiwe ukilitupa unangoja kabla ya kulisikia. Kabla ya kuziba kijito nililifunika kwa mbao nzito, na juu yake nikasimamisha nguzo yenye kibati chekundu. Nilijua mbao zitaoza. Kila kiangazi nilisema mwaka huu nitafungua maji, nilete mawe, nilijaze. Kiangazi kikija, samaki walikuwa hawajakua, au gari la mawe halipatikani, au mama yako ni mgonjwa, na mimi nikaangalia kibati na kusema, si kipo? Mtu hahitaji kuwa mbaya ili aache shimo wazi. Inatosha awe na shughuli.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Unakumbuka bwawa la kuogelea la cercle, klabu ya kampuni, jinsi lilivyokauka mpaka vyura wakahamia. Mishahara ikakosekana, bia ikakosekana, mpira ukakosekana, na Jumapili ikawa ndefu. Ndipo watu wakagundua maji yetu. Kwanza walikuja vijana wawili watatu, wakaomba. Halafu familia nzima, na masufuria, na redio, na mabibi waliokaa kivulini miguu ikiwa majini. Wewe ulikuwa mdogo na ulitaka kulala nao kule.

Niliogopa. Usicheke, niliogopa sana. Nikamwendea yule rafiki yangu mwanasheria, nikamuuliza: mtu akizama kwangu, ni kosa la nani? Akanywa chai yangu yote, akajibu:

"Sikiliza mi. Usikamate kitu yao, hata yai. Ukikamata, beko bageni yako, na mugeni akianguka, njo weye mwenye makosa. Ukibaacha tu bapite, kila mutu na chance yake."

Kama ndivyo sheria inavyosema kweli, sijui hadi leo. Mimi niliishika kama katekisimu. Nikaweka kibao cha Kifaransa kwenye geti, kwamba anayeogelea anaogelea kwa hatari yake. Na watu walipofika Jumapili na kibakuli cha unga, na kuku, na mihogo, kama mtu mwenye adabu anavyofika kwa mwenzake, nilikataa. Walisema, "Tata, kamata, ni ya kukusalimia tu." Nikasema hapana, maji ni bure, ogeleeni. Wakanisifu! Mjini kote wakasema fundi wa pampu ana moyo mkubwa, hachukui kitu. Mama yako peke yake ndiye aliyeona. Aliniuliza jikoni, "Unakataa kuku ya bantu, unataka barudi kwabo na haya?" Nikamwambia hajui sheria.

Na ili nisionekane mwenyeji wao, niliacha kutoka nje. Jumapili nilikaa ndani, pazia limeshushwa, huku watu wakicheka kwenye uwanja wangu. Nawe nilikuita ndani. Ulilia na kunigonga magoti. Nilijiona mtu mwenye akili.

Umepita hapa sasa hivi, umechukua ndoo ndogo, ukaniuliza mbona natoka jasho. Nimekuambia ni joto. Hakuna joto.

Siku ya Kabwe unaikumbuka kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuja kunigongea mlango. Mtoto wa Kasongo alipanda juu ya tuta pale kwenye vanne, akaruka kichwa mbele kujionyesha kwenu wasichana, akaangukia chuma kwa nyonga. Haikuwa shimoni. Shimo lilikuwa na kibati chake na kila mtu alilikwepa. Walimtoa wakamlaza kwenye majani, na mimi nikasimama dirishani. Nilimwona. Nilihesabu moyoni: sikupokea kitu, kibao kipo, sikumwalika. Walimbeba kwa machela ya kitenge, na nilishuka ngazi walipokwisha fika barabarani.

Desturi yetu unaijua, ya kwetu Kasai na ya hawa wa Katanga, katika hilo hatutofautiani. Mtu akiumia kwako, unakwenda kwake kabla hajakuita. Unakaa chini, kwenye mkeka wao, na husemi neno. Hata kama ni mjinga aliyejitakia. Ukikaa chini, maneno yanapoa. Mimi nilijua hivyo, nimekalia mikeka ya watu wengi katika maisha yangu. Lakini rafiki yangu mwanasheria alisema ukikaa umekiri. Kwa hiyo nilimtuma yeye, na viatu vyake, akasimama mlangoni kwa watu wale, akawaeleza kwamba maji si kazi yangu. Na Kasongo alipokuja mwenyewe jioni ile, aone kama ni kweli nimetuma maneno hayo, nilizungumza naye getini. Sikufungua. Sikumwambia aketi. Mama yako alikwenda kwao kwa siri, na sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki, akakaa chini kwa niaba yangu mpaka giza, lakini mke hawezi kukaa mkekani badala ya mume.

Kabwe akapona akiwa na mguu mmoja mfupi. Watu wakaendelea kuja kuogelea, wachache, bila kunisalimia. Kisheria nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa napita sokoni Musonoi kama mtu aliyevaa suti ya harusi msibani.

Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa. Redio zikaanza kusema sisi ni wageni, tunakula mahali pa wenye nchi. Zile nyimbo. Siku walipokuja kwetu na mapanga na matairi, wengi wao niliwajua kwa migongo, maana migongo yao ndiyo niliyoitazama dirishani Jumapili zote. Kasongo alikuwepo. Alisimama nyuma, mikono kifuani. Hakutupa jiwe, hakumzuia anayetupa. Nimelifikiria hilo mara nyingi, kama alikuwa dirishani kwake, kama nilivyokuwa mimi kwangu. Kijana mmoja aling'oa kile kibao cha Kifaransa akakitumia kuvunjia geti. Wiki hiyohiyo mkubwa wa quartier, yaani wa mtaa, akampa Kasongo kile kiwanja.

Sasa rudi juzi. Nilipokuwa nimefurahi kimya, na wewe umetema mate chini, Kasongo hakuondoka. Alisema:

"Siku ile ulituma avocat kuniambia maji haiko kazi yako. Bon. Leo maji iko kwangu, na batoto banaingia kila dimanche, Jumapili haipite, banaingia kabisa. Mi siwezi kutuma avocat ku maji."

Nikamwambia kwa ukali shimo liko penye nguzo.

"Nguzo balivuta, balipikia."

Basi asimame kwenye kichuguu, atazame ule mpundu mkubwa, hatua kadhaa kutoka—

"Mupundu balikata makala. Na maji ilipanda, vanne ilikwama. Kila mutu anaonyesha fasi yake. Ule anasema huku, ule anasema kule. Mbao yako iko muzima?"

Nikajifanya nafunga kamba ya kifurushi. Mbao zimeoza, Ngalula. Zilishaoza kabla hatujafukuzwa. Nilizigusa kwa mti mwaka jana, mti ukazama.

Nilimwambia avunje tuta, amwage maji yote. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Mishahara hakuna, wanakula wale samaki. Na hata angetaka, nani atakaa kule usiku na mchana kuzuia watoto mpaka maji yaishe?

Kwa hiyo njia ni moja. Mtu anayelijua shimo kwa miguu aingie majini, alitafute, asimamishe nguzo mpya. Nimetembea chini ya bwawa lile nikiwa kavu, kabla halijawa bwawa. Najua mteremko wa jiwe unapoanza kuwa laini, najua kwamba ukipata changarawe kubwa umebakiza kidogo. Siwezi kuyachora hayo kwenye karatasi. Nilijaribu usiku ule ulipolala, nikachana.

"Ukikuya kwangu," Kasongo alisema, "uko mu mikono yangu. Mutu akikugusa, ananigusa mi. Barabara yote mi natembea mbele."

Hapo ndipo wewe ulipopiga kelele kwamba ni mtego, kwamba wataniua, kwamba mtu wetu mmoja alirudi kuchukua cherehani yake na hajaonekana tena. Ulisema, "Tata, udongo haiko yetu tena. Baache bazame." Nikajibu sawa. Nikamfukuza mbele yako. Ukanishika mkono ukatulia, na mimi nikaona aibu, kwa sababu jioni, ulipokwenda msalani, nilimtuma mtu kumwambia Kasongo anisubiri kwenye reli ya mwisho ya stesheni alfajiri ya kesho, treni yenu ikiwa imeshaondoka.

Umenipita tena. Umeleta maji. Umeniwekea kikombe hapa ubavuni. Nimekunywa. Asante.

Nisikilize. Hawakufanya haki kutufukuza, na sitasema walifanya haki hata nikiwekewa panga shingoni. Sina deni na waliobeba matairi. Lakini tangu juzi kila nikifumba macho namwona mtoto, sijui wa nani, maji yamemfika kiunoni, anacheka, anapiga hatua moja mbele. Hajui Kasai wala Katanga. Na mimi niko kwenye treni, nikifika Kamina, nikifika Mwene-Ditu, nimekaa kwa ndugu wanaoniuliza habari, na mguu wa mtoto yule bado uko hewani. Waliweza kuninyang'anya udongo. Lile shimo hawakuliona, wakaniachia. Ni kitu changu pekee kilichobaki Kolwezi.

Huko unakokwenda, watu watakuita mtu wa Katanga. Utacheka, halafu utalia. Nami sijawahi kuiona nchi hiyo, baba yangu aliisimulia tu. Utaishi kwenye kiwanja cha mtu mwingine, utateka maji ya kisima cha mtu mwingine, na utaona haraka nani anakuacha tu upite na nani anatoka nje kukutazama usoni. Siku moja utakuwa na chako, hata uwanja wa kutandikia mkeka, na watu watakipitia, watoto wao watapanda miti yako. Utaogopa kama nilivyoogopa, ni halali. Sina dawa ya woga huo. Ninachojua ni kwamba mimi nilijificha ndani ili nisibebe mtu, na bado niliwabeba wote. Ningetoka nje tu. Ningepokea kuku. Ningekaa nao ukingoni, ningemwambia Kabwe ashuke pale juu, na angeshuka, maana alikuwa mtoto wa kusikia.

Kama ni mtego, utajua. Sitajifanya sina hofu. Herufi zimekaa ovyo, usidhani ni uzee. Nimeshaandika na kufuta sentensi ya kukuambia nitapanda treni inayofuata. Nitajaribu. Ukifika Kamina usishuke kunitafuta, kaa na shangazi.

Na ukisikia habari zangu kabla ya kuniona, nzuri au mbaya, kabla hujauliza kitu kingine uliza kama nguzo imesimama.

Kuna jambo moja sikukuambia juzi, kwa sababu ungenifunga kamba mimi mwenyewe kwenye behewa. Nilimuuliza Kasongo kwa sauti ya chini: nikiingia majini, na mbao zikaachia, nani atanivuta? Maana nitafungwa kamba kiunoni, na kamba lazima ishikwe na mtu mwenye nguvu, aliyesimama ukingoni, asiyeweza kusukumwa na wenzake. Akageuza kofia mkononi mara nyingi.

"Kabwe," akasema. "Muguu iko mufupi, lakini mikono iko muzima. Njo yeye mwenyewe aliomba."

Jua linashuka, nakuona unakuja na shangazi. Asubuhi, kabla kijana huyo hajashika kamba, nitapita kwao kwanza. Nitakaa chini.

Tata yako